Mashine ya Supu, Kabla Mama Mkwe Hajashuka

Jumatatu, 3 Agosti 2009

Kliniki asubuhi na wote wawili. Godwin, miezi saba, kaongezeka vizuri, amejaa kama gunia dogo la mbatata. Dada yake Aikande, miaka mitatu na nusu, kapungua. Muuguzi akauliza anakula nini. Nikasema wali. Akauliza wali na nini. Nikasema na wali. Akakandamiza kalamu kwenye kadi mpaka ikatoboka kidogo. Mboga, mama, kasema. Mboga za rangi zote.

Kosa langu ni kwamba nilimsimulia Yoramu. Mume wangu ana moyo mzuri ila hana kifuniko. Kabla sijamaliza kufua alishampigia mama yake simu, eti kumsalimia tu. Mama mkwe anaishi peke yake Mwika, juu huko migombani, na hakupoteza muda kusalimia. Jumamosi ni sikukuu ya Nane Nane, atashuka. Atambeba Aikande mgongoni. Akimwona mwepesi, anaondoka naye hadi Krismasi, akanywe mtori wa ndizi. Watoto wote wa ukoo huu wamenenepea mgongoni kwake, kasema.

Yoramu akasema mama ana nia njema. Nikamwambia najua, ndiyo shida yenyewe.

Yeye kesho alfajiri anapanda mlimani. Ni mpishi wa watalii. Wazungu wakifika kambini hoi anawapikia supu ya karoti, supu ya tango, supu ya vitunguu majani, wanapiga naye picha. Hapa nyumbani hata sufuria hazijui.

Aikande halali mpaka ashike sikio langu. Huko Mwika atashika sikio la nani? Mtoto haendi. Nina mpaka Jumamosi kumnenepesha.

Jumanne, 4 Agosti

Mungu ameniona mapema. Wifi yangu Rachel, dada yake Yoramu, kapita na mzigo wake akitokea Tarakea. Anachukua vyombo upande wa Kenya na kuvitembeza mji mzima. Katikati ya beseni na ndoo kulikuwa na jagi refu la chuma, kifuniko chake kizito, waya unaning'inia. Nikauliza ni birika? Rachel akacheka. Mashine ya supu, wifi. Unatumbukiza mboga mbichi na maji, unafunga, unabonyeza, unakwenda kufua. Inachemsha yenyewe, inasaga yenyewe, inapiga filimbi yenyewe. Mboga zinapotea kabisa, mtoto hata hajui anakula nini.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonimaliza.

Nimempa chupa zangu mbili za chai za harusi, zile zenye maua ya waridi. Alizipokea haraka sana. Wifi, kasema, mimi sifanyi biashara na wewe, mimi nakuokoa.

Kijitabu chake kina lugha nyingi, Kiswahili hakimo. Ila picha zinajieleza. Bakuli linalofuka. Bakuli lenye vidonge vidonge. Mkono uliopigwa mstari mwekundu, yaani usitie mkono.

Nimeanza na karoti, kitunguu na tangawizi kidogo. Ikachemka kimya kimya, nikaanza kuipenda. Halafu ikasaga. Godwin akalia kama amechanjwa. Jirani yangu Flavia, Mama Jovin, akatokea mlangoni mikono ina unga, akauliza tumefungua mashine ya kukoboa?

Lakini supu. Nyororo, rangi ya chungwa, tamu yenyewe bila sukari. Nimekunywa vikombe viwili nimesimama. Aikande akaiangalia kwa mbali akasema hiyo ni rangi ya mlango wa kliniki. Hakuonja. Kala wali.

Jumatano, 5 Agosti

Nimelala nikifikiri. Kosa la jana ni kumwambia ni supu. Mtoto anapenda uji. Basi boga. Boga likisagwa na maziwa nani atalitofautisha na uji wa mahindi ya njano? Nikaliweka kwenye kikombe chake cha uji, nikampa na kijiko chake cha uji, nikaimba wimbo wetu wa uji.

Akakoroga. Akachota. Akauliza kwa upole kabisa huu uji una vipande vya nini. Nilikuwa nimebonyeza kitufe chenye picha ya bakuli la vidonge.

Aliyefaidika ni Jovin wa Flavia, rika moja na Aikande, mashavu kama maandazi. Alikuwa amesimama mlangoni anangoja wenzake wacheze, akamaliza kikombe kizima, akalamba kijiko, akauliza kama kuna kingine. Mama yake akaja kushukuru, na alishukuru kwa sauti ya kusikika uani kote. Wangu huyu hachagui, Mama Aikande, wangu ukimpa anakula. Pole na wako.

Nikamwambia asante.

Tangu jana nimekula karoti yote na boga lililobaki, maana kumwaga chakula siwezi. Kitenge kimeanza kunibana. Mama mkwe angekuwa anakuja kunibeba mimi, tungeshinda mapema.

Alhamisi, 6 Agosti

Leo nimeshindwa na ndizi. Mimi, mzaliwa wa Marangu.

Wazo lilikuwa zuri. Pasaka tulipokuwa Mwika, Aikande alikunywa mtori wa bibi yake bila kubembelezwa. Basi nami nipike mtori, tena kwa mashine, ndani yake nifiche karoti na mchicha. Binafsi mtori sitaki hata kuusikia. Nilipomzaa Godwin, mama mkwe alishuka kunilea kama ilivyo desturi, akaninywesha mtori asubuhi, mchana na jioni mpaka nikatoka nje miezi mitatu baadaye nikiwa siwezi kuvaa viatu. Lakini kwa ajili ya mtoto nikaenda sokoni nikachagua ndizi mshare nzuri.

Kila mtu huku anajua mtori unavyopikwa. Ndizi zinachemshwa na nyama mpaka zilegee, ndipo unapekecha kwa kipekecho katikati ya viganja. Najua. Nimepekecha tangu sijaanza shule. Lakini kijitabu kinaonyesha kila kitu kinaingia kibichi, na mimi nikaamini kijitabu cha watu ambao hawajawahi kuona mgomba.

Nikazijaza mbichi mpaka juu ya mstari wa jagi.

Utomvu ukatoka, ndizi zikashikana na kisu, kisu kikashikana na ndizi. Mashine ikanguruma, ikanung'unika, ikatoa harufu ya waya. Umeme ukazimika nyumba nzima, vyumba vyote. Mwenye nyumba, Mzee Ebenezeri, akaja akiwa ameshika redio yake iliyonyamaza katikati ya taarifa ya habari. Akauliza nani anachomelea geti humu ndani. Nikamwambia shikamoo, napika mtori. Akaniangalia. Akasema amekula mtori tangu utoto wake na haujawahi kumzimia taa.

Alibadilisha fyuzi akiongea peke yake kwa Kichagga. Niliyaelewa yote.

Nimekwangua jagi kwa mwiko hadi mchana umekwisha. Limekuwa kama gundi ya kubandikia bango. Aikande alikaa nami sakafuni, akachukua donge, akambandikia mdoli wake ule mkono uliong'oka tangu mwezi wa tano. Umeshika kabisa. Hicho ndicho kitu cha kwanza mashine hii imemfanyia mwanangu.

Ijumaa, 7 Agosti

Kesho anakuja. Siku moja haimnenepeshi mtoto, hilo hata mimi naliona. Basi leo sijashughulika na unene. Nimeshughulika na uzito.

Mama mkwe hana mizani, ana mgongo. Na hii ni Agosti, baridi, nani atashangaa mtoto akivaa? Sweta ya kwanza. Sweta ya pili. Koti la zamani la Yoramu la mlimani, nimelipunguza mikono. Soksi zake ndani ya jozi mbili za soksi ndefu za Yoramu. Nikambeba kujaribu. Uzito mtamu sana, nikajisikia fahari kama ameuota mwenyewe.

Shida moja, magoti hayakunjiki. Ukimbeba, miguu inabaki imenyooka mbele, mmoja kila upande, kama mikono ya toroli. Nimetoa jozi moja ya soksi. Imesaidia kidogo.

Kesho pia nitapika supu ya mchicha, viazi, karoti na kitunguu, iwe inafuka mezani akiingia, aone nyumba yenye mboga. Sio lazima Aikande anywe. Nimemwambia kazi yake ni kukaa karibu na kikombe tu na kutabasamu. Tena asimwambie bibi habari za mashine kuzima umeme. Akaniuliza mashine gani.

Huyu mtoto ni wangu kabisa.

Jumamosi, 8 Agosti, Nane Nane

Niandike taratibu.

Kafika mapema, kikapu kichwani, ndizi, parachichi na kibuyu cha maziwa ya mgando. Shikamoo mama. Marahaba, mtoto yuko wapi? Hakukaa hata kidogo. Aikande akaletwa, amesimama wima kama chupa. Mama mkwe akamtupa mgongoni, akafunga kitenge, akatembea kutoka mlangoni mpaka bombani na kurudi. Flavia alikuwa anaanua nguo zilizokuwa bado zinadondosha maji.

Mzito, kasema mama mkwe.

Halafu akamshusha, akaanza kumvua. Koti. Sweta ya juu. Sweta ya ndani. Alikuwa anaweka moja moja kwenye kiti bila kusema neno, kama mtu anayemenya hindi. Soksi. Soksi ndani ya soksi. Aikande akabaki na gauni lake, akaanza kucheka kwa sababu anatekenywa. Akambeba tena, bombani na kurudi.

Sasa nimembeba mjukuu wangu, kasema. Mara ya kwanza nilibeba mitumba.

Kule kwenye kamba, Flavia alikohoa kikohozi kirefu.

Mfungie nguo zake, kasema. Nikamwambia mama, tule kwanza. Mtu hakatai chakula. Nikaweka wali, nyama ya kukaanga, na kikombe cha supu ya kijani mbele yake, kwa maonyesho tu.

Hapo ndipo nilipoona. Nyama mama mkwe aliisogeza pembeni ya sahani. Kipande alichokwisha kukitia mdomoni alikizungusha, akakitoa kwa ustadi kwenye kona ya kitenge. Wali alikula punje. Na ile mikono iliyomfunga mwanangu mgongoni, nilipoitazama vizuri, imekonda kuliko ya Aikande.

Kisha akachukua kile kikombe. Akanusa. Akanywa, akafumba macho. Akauliza hii ni nini. Nikasema supu ya mboga. Nani kaisaga hivi? Nikasema mashine. Akanyoosha kikombe nikaongeza. Akanyoosha tena.

Nikamuuliza polepole, mama, meno? Akatazama mlangoni kwanza. Akasema ya nyuma yamekwisha yote na Yoramu asisikie, atalia kama mwanamke. Kwenye sherehe hawezi kwenda siku hizi, maana anapewa nyama ya heshima mbele za watu na haishuki. Nikasema si una mtori wako. Akacheka kidogo. Mke wetu, nani anapika mtori wa mtu mmoja? Na viganja vyenyewe havipekechi tena.

Nilikuwa nimejiandaa kupigana na mama mkwe, sasa yule wa kupigana naye simwoni.

Wakati huo Aikande kaja, kasimama kwenye goti la bibi yake, anatazama kikombe. Akaomba aonje. Bibi akamwambia hii ni ya wazee. Akaomba tena. Ya wazee, hebu toka hapa. Mtoto akakishika kwa mikono miwili, akanywa yote mpaka chini, akabaki na sharubu za kijani. Niligeuka nikatazama ukuta ili nisiharibu.

Nikajikaza nikasema. Mama, umeona kwa macho yako, hapa anakula. Mtoto hapandi. Nakuheshimu, lakini hapandi. Ila supu hii ni yako, njoo uinywe wakati wowote, ukae utakavyo.

Akafikiri. Akauliza mashine inaweza kupanda Mwika? Nikamwambia inataka umeme, kwako hakuna. Akakubali, kweli hakuna. Akafikiri tena. Nilikuwa nimeshinda, nilianza hata kukusanya vyombo.

Basi, kasema. Mashine haipandi, mtoto hapandi, nashuka mimi. Mpaka Krismasi.

Akampigia jirani yake simu, akamwambia amkamulie ng'ombe.

Jumapili, 9 Agosti

Kitanda ni kimoja. Tumelala wanne. Mama mkwe upande wa ukuta, Godwin, Aikande, mimi kwenye ubao wa pembeni. Aikande kashika sikio la bibi yake usiku kucha. La kwangu lilikuwa wazi, nikasikia kila mkoromo.

Baada ya ibada mama mkwe kaishika mashine. Ndani ya saa moja anaijua kuliko mimi. Picha za kijitabu hakuzitazama kabisa, alibonyeza kwa kusikiliza. Supu ya njegere. Ila akaona njegere zina ubishi, akazitilia magadi, kama mtu yeyote wa kwetu anavyolainisha maharage. Nilikuwa nampaka Godwin mafuta. Niligeuka niliposikia kifuniko kinahema. Povu lilipanda, likatoka, likashuka mezani, likaelekea mlangoni bila haraka.

Mzee Ebenezeri kaja mara hii na fyuzi mkononi, tayari. Akamkuta mama mkwe. Wakasalimiana, kumbe walibatizwa pamoja. Akanywa supu vikombe viwili, akasema mashine kama hii ni jambo jema katika nyumba.

Flavia naye kaja na bakuli. Mama mkwe kamwambia ni mapishi ya ukoo wetu, ya zamani sana.

Jumatatu, 10 Agosti

Yoramu kashuka jioni, ananuka moshi, midomo imepasuka kwa baridi. Siku zote hizi, kasema, amewapikia wazungu supu, supu, supu, anaota nyama choma na ndizi. Mezani alikuta supu ya kabichi. Kitandani alikuta mama yake.

Amelala sakafuni kwenye begi lake la kulalia, amefunga zipu mpaka puani. Amesema hakuona tofauti na kambini, ila kambini hakuna anayekoroma hivi. Mama yake kamwuliza yeye kama mpishi anaionaje supu. Akasema nzuri. Akamwuliza mbona hali nyama aliyomletea. Mama mkwe akasema ameacha nyama, ni mambo ya afya, hata mjini siku hizi watu wanaacha. Akanitazama. Nikasema ndiyo, muuguzi alisema.

Jumatatu, 7 Septemba

Kliniki. Tulikwenda msafara, bibi mbele.

Aikande kaongezeka. Mstari wake umepanda vizuri, muuguzi mwenyewe kashangaa. Akauliza siri ni nini. Mimi nikasema mashine. Mama mkwe akasema maziwa ya mgando anayomwekea ndani ya supu mimi nikitazama pembeni. Aikande akaulizwa naye, akasema ananyang'anya kikombe cha bibi. Muuguzi hakuandika chochote.

Nilitembea kurudi nyumbani nimemshika mkono, nimeushika sana. Haendi popote.

Sasa nimebaki na jambo moja dogo. Mama mkwe naye kaongezeka, kitanda kimepungua, na Krismasi aliyosema imekuwa Pasaka. Jana kanihamishia sufuria. Leo kaniambia nakata karoti kama naua nyoka. Nampenda, Mungu anajua, na sitaki akae tena na njaa peke yake. Lakini nampenda zaidi akiwa Mwika, na sisi tukimtembelea kila mwisho wa mwezi. Nimeuliza kwa mbali kama hapakumbuki nyumbani. Akasema anapakumbuka, ila hapa Majengo kuna jua, kule kwake tangu Juni ni ukungu tu, hata kanga haikauki.

Basi saa tisa Rachel kapita akitokea Tarakea, na hamtaamini alichobeba. Kioo cheusi, kama meza ndogo. Unakiweka juu ya bati, kinavuta jua, kinatoa umeme. Popote. Hata Mwika. Mama mkwe apande na mashine yake na umeme wake, anywe supu kwenye kiti chake mwenyewe, na mimi nirudi katikati ya kitanda. Kila kitu kimekaa sawa, sijui kwa nini sikufikiri mapema. Nimempa redio ya Yoramu ile kubwa ya kaseti. Yeye yuko mlimani mpaka Jumamosi, nitafikiri cha kumwambia.

Rachel ni mwaminifu, kabla hajaondoka kaniambia kasoro yake. Kina kasoro moja tu, hakifanyi kazi penye ukungu. Nikamwambia asijali, kinakwenda Mwika.